Ufa wa Mji Huzibwa na Nani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hapana asiyeijua, na sidhani yuko mtoto aliyepita shule zetu ambaye hakuandikishwa insha juu yake. Lakini mtu akiitazama vizuri ataona kwamba methali yenyewe yasema na mwenye nyumba. Nyumba ni yangu, ufa ni wangu, na nisipouziba gharama ya ukuta itanipata mimi. Je, ufa wa daraja? Ufa wa bomba la maji lipitalo chini ya mtaa mzima? Ufa wa bwawa lililoko mbali huko bondeni, ambalo sijapata kuliona kwa macho yangu, lakini siku litakapopasuka maji yake yatanikuta kitandani? Ufa wa namna hiyo huzibwa na nani?

Swali hili, msomaji mpenzi, sikulipata kitabuni wala katika mhadhara. Nililipata katika mchezo wa kompyuta.

Najua wako watakaocheka. Mimi mwenyewe ni katika wale ambao kwa miaka mingi tumeilaumu michezo hiyo, tukisema huwapotezea vijana wakati na kwamba mingi ni ya kuuana. Lawama hiyo haikukosa ukweli. Basi usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, nilimkuta mtoto wa ndugu yangu ameikodolea macho kompyuta yake, nikamwendea kwa nia ya kumkemea. Nikaona kwenye kioo mtu atembea peke yake ndani ya njia ya maji iliyochimbwa chini ya ardhi, tochi mkononi, maji yakidondoka kutoka juu tone kwa tone. Hapana bunduki, hapana adui. Nikamwuliza, "Huyu afanya nini humu?" Akanijibu bila kugeuka, "Ami, huyu ni mkaguzi. Atafuta nyufa."

Nikavuta kiti nikakaa. Makemeo niliyokuwa nimeyaandaa sikuyakumbuka tena.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huo waitwa INFRA. Umetungwa na kampuni ndogo ya Finland iitwayo Loiste Interactive. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2016 na ya mwisho mwaka 2017. Ni mchezo wa mafumbo. Mchezaji huwa ni mtu aitwaye Mark, mfanyakazi wa ofisini, ambaye kazi yake ni kukagua majengo na mitambo ya umma na kutoa ripoti. Asubuhi moja yeye na wenzake waitwa mkutanoni, waonyeshwa picha ukutani, na kila mmoja apewa mahali pa kwenda. Ni kazi ya kila siku, kazi ambayo mtu huifanya huku akifikiri chakula cha mchana. Mark atoka na kamera yake na tochi yake, na siku hiyo yamgeukia ikawa safari ya kuokoa roho yake.

Mji wake ni wa kubuniwa, waitwa Stalburg, nao una sura ya miji ya viwanda ya kaskazini ya Ulaya. Zamani ulikuwa mji wa fahari. Una kiwanda cha chuma, mabwawa, njia za maji za chini kwa chini, mtambo wa kusafisha maji, na hata kinu cha umeme wa nyuklia. Sasa yote hayo yaoza. Simiti imemeguka na nondo zimetokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Milango imeshikwa na kutu, na ngazi huanguka mtu akizikanyaga. Mark akifungiwa njia hii hutafuta ile: ni lazima ajue ni gurudumu gani la bomba la kuzungushwa, fyuzi gani ya kutiwa, pampu gani ya kuwashwa, ndipo maji yashuke apate kupita. Na kila apitapo aweza kupiga picha: ukuta ulioingia ufa, bomba linalovuja, boriti iliyopinda, waya uliochunika. Betri za kamera na za tochi huisha, na humo humo gizani ndimo aziokotamo nyingine.

Lakini jambo lililonishika si mafumbo hayo, ambayo mengine, nakiri, sikuyaelewa. Lililonishika ni makaratasi. Katika ofisi zilizohamwa ambamo Mark hupita mna barua na ripoti, mezani na ukutani. Kila mchezaji asomapo, polepole atambua kwamba mji huu haukuharibiwa na uzee. Wako waliojua. Wako walioandika. Fedha zilizopasa kwenda katika matengenezo zilikwenda kwingine, kwa wakubwa na matajiri waliokuwa wakijuana. Kuoza kwa Stalburg kulianza katika karatasi kabla ya kufika katika simiti.

Mtu wa sanaa atauliza, uzuri wake uko wapi? Mimi niliuona katika kimya. Aghalabu michezo hii hupiga kelele. Huu wamwacha mtu asikilize. Sauti ya maji nyuma ya ukuta, mlio wa chuma kinacholegea, nyayo za mtu mmoja katika ukumbi uliokuwa na wafanyakazi mia. Baada ya nusu saa nilijikuta natazama kuta kama daktari atazamavyo macho ya mgonjwa. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa na haraka ya kufungua mlango unaofuata, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele, "Ufa huo! Ufa huo umeupita!"

Naye akaniambia jambo lililonifikirisha sana. Akasema, "Ami, si lazima kupiga picha. Unaweza kuipita yote na mchezo ukaendelea." Ni kweli. Mtambo wa maji waweza kuutengeneza ili mji upate maji safi, waweza pia kuuacha ukaenda zako. Hapana mtu wa kukukamata. Hapo ndipo nilipoiona akili ya watungaji wa mchezo huu. Wametuwekea mbele yetu hali yetu ilivyo: kuona ufa ukaupita ndiyo njia fupi, na kwa muda mrefu haina adhabu.

TUTOKE STALBURG TWENDE DERNA

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya kubuni ya watu wa nchi za baridi, yatuhusu nini? Basi natutoke katika mji wa kubuni twende katika mji wa kweli, mji wa Waislamu, ulio ukingoni mwa bahari kama miji yetu.

Derna ni mji wa mashariki ya Libya, kwenye pwani ya Bahari ya Mediterania. Katikati yake hupita bonde ambalo siku nyingi huwa kavu, lakini mvua ikinyesha milimani hujaa maji yakaelekea baharini. Ili kuukinga mji na mafuriko, katika miaka ya 1970 kampuni ya Yugoslavia ilijenga mabwawa mawili kwa udongo na mawe: Abu Mansour huko juu, na Al-Bilad karibu na mji. Watu wakajenga, wakaoa, wakazaa, wakazeeka chini ya mabwawa hayo.

Sasa tazama tarehe zinavyofuatana. Mwaka 1998 nyufa ziliripotiwa. Mwaka 2007 kampuni ya Kituruki ilipewa kazi ya kuyatengeneza mabwawa. Ikaanza kazi mwaka 2010, na mwaka 2011 vita vilipozuka ikaacha. Mwaka 2021 wakaguzi wa serikali waliandika kwamba matengenezo hayakufanywa, ingawa fedha zaidi ya dola milioni mbili zilikuwa zimetengwa kwa kazi hiyo katika miaka ya 2012 na 2013. Mwaka 2022 mtaalamu wa elimu ya maji, Abdelwanees Ashour wa Chuo Kikuu cha Omar Al-Mukhtar, alichapisha utafiti wake akionya kwamba yakija mafuriko makubwa mabwawa yale yataleta msiba kwa watu wa bondeni na wa mjini, na kwamba yatakiwa yashughulikiwe upesi.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, tufani iliyoitwa Daniel ilimwaga mvua isiyo na kifani. Bwawa la juu likapasuka, la chini likafuata, na maji yakazoa mitaa mizima pamoja na watu wake yakaitupa baharini. Maiti zaidi ya 4,000 zilihesabiwa, na maelfu wengine hawakuonekana tena. Wako waliosalia ambao hawakubakiwa na jamaa hata mmoja wa kumpa mkono wa rambirambi. Mwezi wa Julai 2024 mahakama ya huko iliwafunga maofisa 12 vifungo vya miaka 9 hadi 27.

Mtu aliyecheza INFRA akisoma habari hiyo atadhani ni makaratasi yale yale. Ripoti ipo, tarehe ipo, fedha zipo, na ufa upo pale pale.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya nchi zilizovurugwa na vita peke yake. Huko Genoa, bandari mashuhuri ya Italia, kulikuwa na daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 1967, kazi ya mhandisi Riccardo Morandi, na watu walilijua kwa jina lake. Mwaka 1979 Morandi mwenyewe aliandika kwamba hewa ya bahari na moshi wa viwanda vyaila kazi yake, na kwamba itahitaji kutunzwa daima. Sisi wa pwani hatuhitaji mhandisi wa kutueleza chumvi ifanyavyo. Mwenye kutia nondo dirishani ajua miaka mingapi itapita kabla hazijachanua kutu. Tarehe 14 Agosti 2018, mvua ikinyesha, kipande cha daraja hilo kilianguka na magari yaliyokuwa juu yake. Watu 43 walikufa. Aliyelijenga ndiye aliyeonya, naye alikuwa kaburini tangu mwaka 1989.

Na Mombasa haihitaji kuelezwa na Genoa. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka kikiwa kimepakia watu kupita kiasi chake, na 272 walikufa maji wakienda makazini. Wako kati ya wasomaji wa ukurasa huu ambao tarehe hiyo hawaihesabu kwa kalenda, waihesabu kwa jina la mtu.

KOSA LA MCHEZO

Nimeusifu mchezo huu, na sasa yanipasa niseme pale nisipokubaliana nao. Katika Stalburg mtu mmoja hutosha. Mark ashuka peke yake, azungusha gurudumu, atia fyuzi, na mtambo uliokufa siku nyingi wanguruma. Hiyo ni tamu ya mchezo, na bila hiyo nani angeucheza? Lakini si kweli. Bwana Ashour wa Libya hakuwa na gurudumu la kuzungusha. Alikuwa na kalamu, akaitumia, na mwaka mmoja baadaye mji ukazama. Kuona hakukukosekana, kuandika hakukukosekana. Kilichokosekana ni watu wengi wa kuupokea ufa ule kuwa ni wao.

Hapa ndipo nionapo kwamba sisi tuna neno ambalo watungaji wale wa Finland hawakuwa nalo. Wanazuoni wetu hutugawia faradhi mafungu mawili. Iko ya kila mtu na nafsi yake, kama sala na saumu. Na iko fardhi kifaya, kama kumwosha maiti, kumsalia na kumzika: wakitokea wachache wakaifanya, wengine wamesamehewa, asipotokea hata mmoja, mtaa mzima wabeba dhambi. Kwa maoni yangu, kuutunza mji ni wa fungu hilo la pili. Sisemi haya kuwavua wakubwa mzigo wao. La hasha! Aliyepewa mshahara, funguo na fedha za matengenezo ndiye wa kwanza kuulizwa, kwa kuwa amekabidhiwa amana. Lakini fardhi kifaya haimwachi mtu wa kawaida akae barazani akisema, "Hiyo si kazi yangu." Kabla hujasema hivyo wapaswa kwanza uwe na hakika kwamba yuko aifanyaye.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitupigia mfano wa jahazi. Watu walipanda, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipochoka kuwapitia wa juu kila watakapo maji, walifikiri watoboe tundu upande wao. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Sisi watu wa bahari mfano huo hutuingia mifupani. Hapana abiria asemaye tundu ni la wa chini, wala nahodha asemaye maji yatachagua.

Tena tulikuwa na njia ya kuitimiza faradhi hiyo. Bibi Zubaida, mkewe Khalifa Harun ar-Rashid, alitoa mali nyingi kuvuta maji kuwafikishia mahujaji wa Makka, na mpaka leo jina lake latajwa. Lakini mfereji ule haukudumu karne kwa karne kwa sababu ya Zubaida peke yake. Ulidumu kwa sababu kila ulipoziba au kubomoka alitokea wa kuutengeneza. Mmoja wao ni Mihrimah, binti wa Sultani Suleiman wa Waturuki, aliyegharimia matengenezo makubwa katika karne ya 16. Ni wangapi kati yetu walijua jina lake? Mjenzi huimbwa, mtengenezaji husahauliwa. Ndiyo maana katika sheria ya wakf wanazuoni waliweka kuwa pato lake litangulizwe kwanza katika kuitengeneza mali yenyewe, ndipo kinachobaki kigawiwe. Walimjua binadamu. Walijua kwamba akiachiwa hiari, ataanza na mgawo na ufa atauacha kwa mwaka ujao.

Nilipokuwa mdogo, birika la msikiti wa mtaani kwetu lilikuwa na siku yake ya kusafishwa. Maji yalitolewa, samaki wadogo walaji wa mabuu ya mbu wakahamishiwa ndooni, na sisi watoto tukaingia na brashi za makumbi tukisugua kuta, huku fundi akipapasa kwa vidole kila penye mpasuko akitia chokaa. Hapana aliyeandika ripoti, kwa kuwa waliouona ufa na waliouziba walikuwa watu wale wale. Mji wa leo ni mkubwa mno kwa njia hiyo. Mabomba yako chini, nyaya ziko juu, bwawa liko mkoa mwingine, na funguo ziko kwa watu tusiowajua. Lakini ukubwa wa mji haukuifuta faradhi, umeifanya nzito zaidi. Zamani tulihitaji brashi na chokaa. Leo twahitaji kuuliza, kudai kuonyeshwa ripoti, kutaka kujua fedha zilizotengwa zimekwenda wapi, na kuuliza tena mwaka unaofuata.

MFUNIKO WA MTARO

Nimalizie kwa kisa kidogo kilichonitia aibu.

Siku chache baada ya usiku ule tulikuwa twenda msikitini kwa sala ya Magharibi, mimi na mtoto wa ndugu yangu. Njiani pana mtaro wenye mfuniko wa simiti uliovunjika nusu, na chini yake ni shimo laweza kummeza mtoto. Nikaruka kama nirukavyo siku zote, wala mazungumzo sikuyakata. Nilipogeuka nikaona yeye amesimama. Ametoa simu yake apiga picha.

Akaniuliza, "Ami, huu una muda gani?"

Nikajaribu kuhesabu. Ni zaidi ya miaka miwili. Katika miaka hiyo nimeuruka shimo hilo mara tano kwa siku kwenda, na mara tano kurudi, hata mguu wangu walijua kuliko macho. Mimi niliyempigia kelele kwa nyufa za Stalburg!

"Na picha hii," akasema, "tumpelekee nani?"

Sikuwa na jibu. Baada ya sala nikawauliza wenzangu wanne. Kila mmoja alilijua shimo lile, na kila mmoja alidhani kwamba mwingine amekwisha kupeleka habari. Basi tukakaa barazani tukaandika barua, tukatia sahihi watu kumi na mmoja, tukaipeleka ofisi inayohusika. Ikapokewa, ikapigwa mhuri. Jibu bado. Kwa sasa mzee mmoja seremala ameweka ubao mnene juu ya shimo na kuupigilia, ili watoto wapite salama huku tukingoja.

Yule kijana hakuridhika na mhuri. Alitaka barua ile itolewe nakala, nasi tukamcheka kwamba amezidi kucheza mchezo wake. Yeye akasema barua za Stalburg zote zilipigwa mhuri, ndiyo maana alizikuta makabatini. Nakala yetu basi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo msikitini, pamoja na picha na tarehe, na kila Ijumaa mmoja wetu huandika chini yake kwa kalamu idadi ya siku zilizopita.